Mahamri Sita kwa Vichwa Saba: Namna ya Kuandika Ngano ya Kuchekesha

Bibi yangu akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", ngano haikuanza papo hapo. Kwanza alitupitisha kwenye maneno ya mlangoni: kaondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kaka, mwanangu mwana Siti, vijino kama chikichi, vya kujengea kikuta na vilango vya kupitia. Nilikuwa na miaka saba au minane usiku nilipomkatiza. Nikamwuliza, bibi, huyo fundi aliyejenga kikuta kwa vijino, mwana Siti alibaki na nini cha kutafunia? Dada zangu wakaangua kicheko. Bibi akaweka chini ukili aliokuwa akisuka, akawageukia: "Mwacheka nini? Kasema kweli. Mtoto hana meno huyo." Ngano yenyewe hatukuisikia usiku ule. Tulikaa mpaka usingizi ukatushika, tukitafuta namna ya kumrudishia mwana Siti meno yake bila kukiangusha kikuta.

Sasa mimi ni mshona kofia, hapa hapa Langoni, Lamu. Mchana mikono yangu imo kwenye kitambaa. Baada ya isha naandika ngano kwenye madaftari ya shule: za masultani, majini na wanyama wanaosema, lakini nimezipindua ili watu wacheke. Vijana wa mtaani wameniuliza mara nyingi kazi hii inafanywaje, nami nimewajibu vipande vipande. Hapa nataka kuyaweka pamoja, kwa kuwa naona wengi wanaanzia pasipo.

Wanadhani kuchekesha ni kuruhusu kila kitu. Paa anaruka angani, sultani anageuka boga, jini anatoa simu mfukoni, kisha paa anageuka meli. Ukurasa wa kwanza utacheka. Wa pili utachoka, maana palipo na ruhusa ya lolote hakuna la kukushtua.

Mwalimu wa jambo hili ni Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Safari ya pili Abunuwasi akaazima na hakurudisha. Sufuria, akasema, imekufa. Jirani akaenda kushtaki na akashindwa, kwa sababu aliyekubali kuzaa hana budi akubali na kufa. Ngano nzima imesimama juu ya uongo mmoja. Ukishaukubali huo, yaliyobaki yote yanakwenda kwa haki na hesabu, kama kadhi anavyogawa mirathi.

Shika sheria hiyo kabla hujashika kalamu. Mimi nilijizoeza kwa sufuria ile ile. Nikajiambia: ikiwa imezaa, basi ni mzazi. Mzazi hukaa ndani siku arubaini, hapelekwi jikoni. Kwa hiyo mwenye sufuria hawezi kupika. Majirani wanakuja kumpongeza, kila anayekuja lazima akirimiwe, na cha kupikia hakipo. Mkunga anadai ujira wake. Wazee wanauliza kisufuria kitaitwa jina gani, na bibi mmoja anasema kimefanana na birika la nyumba ya pili. Sikuongeza uongo wa pili hata mmoja. Niliufuata ule wa Abunuwasi mpaka mwisho wa njia yake, na njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwamba watu wa mbali nao wanafanya kazi hii nilikuja kujua baadaye. Kaka yangu yuko katika nyumba ya wageni kule Shela, na wageni huacha vitabu. Siku moja akaniletea kimoja cha Mwingereza Terry Pratchett, Witches Abroad, cha mwaka 1991. Nilikisoma na kamusi pembeni kwa muda wa miezi miwili. Wachawi watatu, wanawake, wanasafiri nchi baada ya nchi ili kumzuia msichana asiolewe na mwana wa mfalme. Msichana huyo ni yule yule wa kiatu cha kioo, ambaye Charles Perrault alimwandika Ufaransa mwaka 1697. Katika kitabu hiki adui ni nguvu ya ngano yenyewe: yuko mwanamke anayewalazimisha watu waishi kama ngano inavyotaka, waufikie mwisho mwema wakitaka wasitake.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nilipotulia nikaelewa kilichonipata. Nilikuwa nasoma ngano mbili kwa wakati mmoja, ile ya kwenye karatasi na ile niliyoijua zamani, na kicheko kilitoka pale zilipogongana. Kwa hiyo asiyeijua ngano ya kwanza, ya pili haimfikii. Ndiyo maana nakusihi uandike kutokana na ngano ambazo wasomaji wako walizisikia wakiwa wamelala mapajani mwa bibi zao. Kiatu cha kioo kimenifurahisha sana, lakini mtoto wa Lamu hakimkumbushi sauti ya mtu wake.

Basi chagua ngano. Nakushauri uchague yenye uzito, ile ambayo msimulizi huinamisha sauti anapoisema. Sungura na Abunuwasi wamekwisha kucheka wenyewe, na kuwachekesha zaidi ni kumwaga maji baharini. Tafuta mahali watu walipokaa kimya.

Mimi nilichagua ile ya Sultani Darai. Bibi aliisimulia, na imo pia katika ngano za Unguja ambazo mmishonari Edward Steere alizikusanya na kuzichapisha London mwaka 1870. Maskini mmoja anachakura jaani, anaokota thumuni, anamnunua paa. Kumbe paa yule anasema. Anakwenda kwa Sultani Darai, anamposea bwana wake binti, anamtangaza kuwa naye ni sultani. Kisha anakwenda kwenye nyumba iliyojaa mali, yenye nyoka wa vichwa saba, anavikata vichwa kimoja kimoja, na nyumba inakuwa ya bwana wake. Paa anapougua, yule bwana hamtazami. Anaamuru apewe uji wa mtama, kama si yeye aliyemtoa jaani. Paa anakufa. Asubuhi moja yule bwana anaamka na kujikuta pale pale jaani, anachakura. Bibi alipofika hapo hakuna aliyekohoa.

Kabla ya mzaha wowote, iandike ngano yote kama ilivyo. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Usiruke hatua hii, hata kama unaijua kwa moyo. Mkono ukiandika taratibu, jicho linaona mahali ngano ilipopita mbio. Piga mstari chini ya kila kitu kilichopitwa mbio. Mimi nilipiga mistari kumi na mmoja. Nyumba ile ya mali ilifagiliwa na nani? Paa alikwenda kuposa bila wazee, na wakamkubali? Binti hakuuliza mume ni wa ukoo gani? Na yule nyoka, kabla paa hajafika, alikuwa akishindaje?

Chagua mstari mmoja tu. Ukichagua yote kumi na mmoja, umerudi kwenye boga na simu.

Mimi nilikaa na nyoka. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa pana utamu ambao sijaupata mahali pengine. Swali lako liwe la nyumbani, la mtu anayepika, anayefua na kulala. Usiulize nyoka ana nguvu kiasi gani, hilo kila mtu hukisia. Uliza anakulaje. Vichwa saba, tumbo moja. Kichwa chochote kikila, vyote vinashiba. Lakini utamu? Ulimi ni wa kila kichwa peke yake. Kwa hiyo vichwa sita vinashiba kila siku bila kuonja. Nilipofika hapo niliweka kalamu nikasimama, kwa kuwa nilijua nimepata ngano.

Ukishalipata jambo kama hilo, kazi yako ni kulihesabu kwa uaminifu. Ni kichwa gani hula? Nikasema kilicho karibu na mlango, kwa kuwa ndicho kinachokutana na mawindo kwanza. Basi kile cha kwanza kimenona mashavu na kinajiona sultani. Cha saba kiko upande wa ukutani, hakijaonja kitu miaka mingi, na hujiliwaza kwa kuhadithia vyakula kilivyosikia vikisemwa. Cha nne kiko katikati. Kikitaka kulala kinakorofishwa kulia na kushoto, na kila ugomvi unapitia mbele ya pua yake. Hicho cha nne nilikipenda kabla sijajua kitafanya nini. Ukiona umempenda mmoja wa wahusika wako kwa namna hiyo, mpe nafasi. Ngano ya kuchekesha isiyo na hata mmoja wa kupendwa inakauka haraka.

Ndipo nikamleta paa. Katika ngano ya bibi anakuja na upanga. Katika yangu anakuja na mkoba wenye mahamri sita, ya moto, yaliyoumuka vizuri, iliki inanukia tangu mlangoni. Sita kwa vichwa saba. Sikuhitaji upanga tena.

Lakini usikimbilie ugomvi. Paa ni mtu wa heshima, na hapa kwetu huingii nyumba ya watu ukaanza kugawa chakula. Lazima asalimie. Akaanza na kichwa cha kwanza: sabalkheri, hujambo, hujambo sana, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, na uzee huu je? Kikajibu chote, kikauliza nacho. Akaenda cha pili. Kila kichwa kina haki yake ya salamu, na kila kimoja kinataka habari zote upya ingawa kimezisikia zikitolewa hapo hapo kandoni. Alipofika cha sita ilibidi aseme masalkheri. Mahamri yamepoa. Cha saba kinalia machozi.

Ona kwamba hapa pia sikubuni kitu. Salamu ndefu ni zetu, tumezirithi. Nimezizidisha mara saba tu.

Sehemu hiyo ilinichukua usiku mmoja. Iliyofuata ilinichukua wiki tatu, kwa sababu nilitaka nyoka atoke nje amfukuze paa. Hapo nikafanya jambo ambalo nakuhimiza ulifanye: niliweka nyumba ya nyoka katika mji ninaoujua kwa nyayo. Nchi ya mbali isiyo na jina inafaa ngano ya uzito. Ngano ya kuchekesha inataka pembe za kugonga kiwiko. Nikamtoa nyoka katika nyumba moja ya mawe ya Mkomani, na mara mji wetu ukaanza kuniandikia. Vichochoro vya hapa, watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Nyoka wa vichwa saba hapiti kichochoro kimoja, basi kila kichwa kikachukua cha kwake. Cha kwanza kikateremka kuelekea Mkunguni. Cha pili kikapita chini ya wikio (chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro), kikapanda ngazi, kikatokea juu ya wikio lile lile, na shingo ikajifunga fundo. Cha tatu kikakutana na punda aliyebeba mchanga. Punda mwenye mzigo hupishwa na kila mtu katika mji huu, na nyoka naye ni mkaazi, ikabidi apishe. Lakini kurudi nyuma hawezi, sita wengine wanavuta mbele. Punda akasimama. Punda wa Lamu akisimama, wote mnangoja.

Kijana mmoja niliyemsomea hapo aliniambia nyoka avunje ukuta apite, ngano iende haraka. Nilikataa. Mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, na kuta zile za matumbawe zilijengwa na watu waliozipenda. Hata ndani ya ngano siziangushi. Tena ukuta usiovunjika ndio unaochekesha. Ukimwondolea mhusika kizuizi chake umemwondolea mchezo.

Sasa lugha. Msimulizi asicheke. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloharibu madaftari mengi ninayoletewa. Mwandishi anaandika "kichekesho kikubwa kikatokea", au anaweka alama tatu za mshangao, na kicheko kinafia hapo. Simulia kwa sauti ile ile ya bibi, ile ya akaenda, akafika, akaona, akasema, hata siku ya siku. Mambo madogo yape maneno makubwa. Nilipoandika kichwa cha kwanza kikidai hamri, nilikipa lugha ya barua za kale: baada ya salamu na kutaka hali, ama baada, napenda kukuarifu kuwa hamri lile la kandokando, lililoiva zaidi, ni haki yangu. Ukisoma hivyo kwa uso mkavu, wasikilizaji wanaangua kicheko wenyewe.

Vilevile jihadhari na maneno ya msimu, yale yanayosemwa na vijana mwaka huu. Yanachekesha leo, na mwakani itabidi uyaeleze.

Kuna vitu sivigusi. Mambo ya dini hayamo katika daftari langu. Simchekeshi mtu kwa umaskini wake, wala kwa ulemavu, wala kwa rangi. Katika ngano za kale wamo watumwa wengi, na hao nawaandika kwa uangalifu: katika ngano yangu mtumwa ndiye anayeijua njia, na anayechekwa ni bwana.

Na Liyongo. Vijana wananiambia Fumo Liyongo ana mambo ya kuchekesha, na ni kweli. Alipokuwa kifungoni mama yake alimpelekea chakula kizuri pamoja na mkate wa pumba uliofichwa tupa ndani. Walinzi wakala kizuri, wakamwachia mfungwa ule wa pumba, naye akakata minyororo. Hapo cheka upendavyo, ulafi ndio uliowashinda. Lakini mwisho wake, alipochomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, akaenda akapiga goti kisimani na mshale wake tayari, na mji mzima ukakosa maji kwa kumwogopa mtu ambaye roho imekwisha kutoka, mpaka mama yake akaja kumbembeleza. Hapo mkono wangu hauendi. Nimejaribu kufikiria ndoo tupu na watu wanaosukumana, kila mmoja akimtanguliza mwenzake. Najua ingechekesha. Namwona yule mama, naacha.

Mpaka huo nilijifunza kwa uchungu. Ngano yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya binti sultani. Nilimfanya mjinga, hajui kuchemsha maji, hajui kuhesabu vidole, na kila ukurasa anaanguka. Nikamsomea shangazi yangu nikingoja acheke. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja buibui lake mapajani. "Mwanangu," akasema, "huyu binti bibi yako alimpenda sana. Alikukosea nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeicheka ngano nikiwa nje yake, kama mpita njia anayecheka harusi ya watu. Daftari lile sikulichoma, ninalo, lakini tangu siku hiyo kabla ya kuandika najiuliza napenda nini katika ngano hii. Katika ya Sultani Darai nilijua mara moja. Nilimpenda paa, na kifo chake kilikuwa kimenikaa kooni tangu utoto. Ngano yangu yote, pamoja na mahamri na vichochoro, niliiandika ili paa asiuawe na uji wa mtama.

Ukimaliza, soma kwa sauti. Usisome peke yako chumbani, wasomee watu wenye haki ya kuondoka. Mimi nawasomea mabinti wa dada yangu na wenzao, wanne au watano, kwenye daka la nyumba, kabla ya kulala. Kaa na penseli. Wakicheka usiandike kitu. Wakinyamaza mahali ulipotaka wacheke, tia alama pembeni na uendelee. Wakiuliza swali, simama uliandike lote, kwa sababu mtoto haulizi ila pale hesabu yako ilipokosea. Mmoja aliniuliza paa alibebaje mahamri na hana mikono. Nilikuwa nimeandika sinia. Ndipo ukaja mkoba wa ukili, umetundikwa shingoni. Mwingine akauliza mbaazi ziko wapi, nani anakula mahamri makavu? Nikampa paa kibuyu cha mbaazi za nazi, na kibuyu kile kikaniletea ukurasa mzima, kwa kuwa mbaazi zatosha vichwa vyote saba ila chombo ni kimoja.

Kisha kata. Daftari la nyoka lilikuwa na kurasa sitini na mbili, nikabaki na arubaini. Niliyoyakata mengi yalikuwa yale niliyoyapenda kwa ujanja wake, mambo yaliyonionyesha mimi na si nyoka.

Usiku niliposoma mwisho, vichwa sita vilikuwa vimekwisha kupata hamri moja moja. Shingo zimefungana kuanzia Mkomani hadi baharini, paa ameshaingia nyumbani na kuufunga mlango. Ni cha nne kilichokosa, kile cha katikati. Kimelala kizingitini, hakigombani na mtu. Watoto hawakucheka hapo. Yule mdogo kabisa akaniambia, "Mama mdogo, andika saba." Nikamweleza kwamba yakiwa saba ugomvi haupo, na ugomvi usipokuwepo paa atahitaji upanga. Akafikiri sana. Akakubali, lakini kwa shingo upande, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi alikuja nikiwa nashona, mkononi ana karatasi yenye madoa ya mafuta. Ndani mlikuwa na hamri moja, la moto bado, amelitoa katika chai yake. Akaniambia ni la cha nne. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikaliweka kidakani juu ya daftari.